Kwa nini utabiri wako wa Oscar hukosea, na filamu ya Kongo uiandike katika kundi gani

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Katuba, hapa Lubumbashi: "Mwalimu, kila mwezi wa Januari mimi na wenzangu wanne hukaa pamoja kabla ya majina ya Oscar kutangazwa, na kila mmoja huandika karatasi yake ya utabiri. Mimi ndiye ninayetazama filamu nyingi kuliko wote, lakini huu ni mwaka wa tatu nashindwa na mwenzetu ambaye hatazami hata nusu ya zile ninazozitazama. Nakosea wapi? Jambo la pili: kila mwaka naandika filamu ya Kongo katika kundi la filamu bora ya kimataifa, na wenzangu wananiambia kwamba naandika kwa moyo, siandiki kwa akili. Je, wana haki?"

Mdogo wangu, nitaanza na sehemu ya kwanza, kwa sababu ya pili haieleweki bila hiyo. Wewe unaandika majina ya filamu unazoamini kwamba zinastahili, na mwenzako, pengine bila kujua, anaandika majina ya filamu ambazo watu fulani watazipigia kura. Kustahili kwa filamu unakuona kwenye skrini, na katika hilo sina shaka kwamba umewazidi wenzako wote. Kura huijui mpaka uwajue wanaopiga, namna kura zao zinavyohesabiwa, na siku ambayo sanduku linafungwa.

Akademia ya Marekani inayotoa Oscar ilianzishwa mwaka 1927, na leo ina wapiga kura wapatao 10,000, waliogawanywa katika matawi kwa kufuata kazi zao. Katika hatua ya uteuzi, waigizaji ndio wanaowateua waigizaji, waongozaji huwateua waongozaji, na wahariri huteua uhariri. Filamu bora ndiyo inayoteuliwa na wanachama wa matawi yote kwa pamoja. Majina yakishatangazwa, wanachama wote hupiga kura katika makundi yote. Kwa hiyo kutabiri uteuzi ni kazi moja na kutabiri ushindi ni kazi nyingine, na mtu anayetumia mawazo yaleyale kwa kazi zote mbili hukosea angalau moja. Unapoandika majina matano ya waigizaji, usijiulize watazamaji wamempenda nani wala magazeti yamemsifu nani. Jiulize waigizaji wenzake, wanaojua ugumu wa kazi ile, wanamheshimu nani mwaka huu.

Ukishawajua wapiga kura, jifunze hesabu yao, kwa kuwa hapo ndipo watazamaji hodari kama wewe wanapopotea. Mpiga kura wa tawi hupanga majina hadi matano kwa mfuatano, kuanzia analolipenda zaidi. Jumla ya kura hugawanywa kwa idadi ya nafasi pamoja na moja, na anayevuka kiwango hicho ameteuliwa. Tuseme zimerudi kura 600 na nafasi ni tano: 600 kugawanya kwa sita ni 100, kwa hiyo anayepata 101 amekwisha kuingia. Sasa fikiria waigizaji wawili. Wa kwanza amewekwa nambari moja na watu 105, na wengine wote wala hawakumtaja. Wa pili ametajwa na watu 400, lakini wengi wao wamemweka nambari tatu au nne, na waliomweka nambari moja ni 20 tu. Wa kwanza ameteuliwa siku ileile. Wa pili anaweza kuondolewa mapema, na karatasi zake chache zikagawiwa wengine, kabla ya wale 400 kupata nafasi ya kumsaidia. Uteuzi hupewa filamu au mtu mwenye kundi dogo linalompenda sana, hata kama walio wengi hawamjali. Unapochagua jina la tano katika karatasi yako, ambalo ndilo gumu siku zote, usichukue lile ambalo kila mtu analiona kuwa zuri. Chukua lile ambalo watu wachache wanalisema kwa moto.

Kuna watakaokushauri unakili majina yaliyotajwa na vyama vya kazi vya Hollywood, yaani chama cha waigizaji, cha waongozaji na cha watayarishaji, kwa sababu baadhi ya wanachama wao ndio wapiga kura wa Akademia. Ushauri huo ni mzuri, na ni bora mara nyingi kuliko kufuata tuzo za Golden Globes, ambazo hupigiwa kura na waandishi wa habari wasio na kura hata moja katika Oscar. Lakini angalia yaliyotokea mwaka 2013. Chama cha waongozaji kiliwataja Ben Affleck, Kathryn Bigelow, Tom Hooper, Ang Lee na Steven Spielberg, na watabiri wengi wakaamini kwamba Oscar itafuata. Majina ya Oscar yalipotoka, kati ya hao watano walikuwamo Lee na Spielberg peke yao. Nafasi tatu zilikwenda kwa David O. Russell, Benh Zeitlin na Michael Haneke. Mwaka ule upigaji kura wa uteuzi ulifungwa mapema, siku chache kabla ya chama kutangaza majina yake, kwa hiyo hakuna mpiga kura wa Akademia aliyeongozwa na tangazo lile. Tena chama kina maelfu ya watu, wakiwemo wengi wa televisheni, lakini tawi la waongozaji lina mia chache tu, na wamo waongozaji wa nchi nyingine ambao humtazama mtu kama Haneke kwa jicho tofauti kabisa. Wiki chache baadaye filamu ya Affleck, Argo, ilishinda tuzo ya filamu bora, kwa kuwa huko walipiga kura wanachama wote. Tawi lilimwacha mwongozaji, nyumba nzima ikaichukua filamu yake.

Vilevile usiyachanganye haya na matamasha ya filamu. Cannes na Berlin, na FESPACO inayofanyika Ouagadougou tangu mwaka 1969, huamuliwa na majaji wachache wanaokaa chumba kimoja wakabishana mpaka wakubaliane. Jaji mmoja mwenye hoja nzuri anaweza kuwageuza wenzake. Mpiga kura wa Oscar yuko nyumbani kwake, hasikii hoja ya mtu, na filamu ambayo hakuletewa habari zake, kwake ni kama haipo. Félicité ya Alain Gomis, iliyotengenezwa Kinshasa, ilipata tuzo kuu ya majaji huko Berlin na Farasi wa Dhahabu wa Yennenga huko FESPACO, yote mwaka 2017. Katika Oscar, ikiwa imepelekwa na Senegal, ilifika katika orodha ya mchujo ya filamu tisa, ikaishia hapo.

Hapo ndipo naingia katika swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Wenzako wana haki kwa upande mmoja: mpaka ninapoandika, hakuna filamu iliyoteuliwa katika kundi la filamu ya kimataifa kwa bendera ya nchi yetu. Lakini wakikuambia kwamba Kongo haijawahi kufika Oscar, hapo wanakosea sana. Mwaka ule wa 2013 filamu Rebelle, iliyopigwa Kinshasa, iliteuliwa kuwa miongoni mwa filamu tano za lugha ya kigeni. Aliyeibeba filamu ile ni binti wa Kinshasa aliyewahi kuishi barabarani, Rachel Mwanza, ambaye mwaka uliotangulia alitunukiwa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike huko Berlin. Katika karatasi ya Akademia, hata hivyo, nchi iliyoandikwa ni Kanada, kwa sababu mwongozaji, Kim Nguyen, na watayarishaji walikuwa wa huko. Kabla ya hapo, mwaka 1997, When We Were Kings, inayohusu pigano la Muhammad Ali na George Foreman la tarehe 30 Oktoba 1974 mjini Kinshasa, ilishinda tuzo ya filamu ya hali halisi, yaani documentaire. Tukirudi nyuma zaidi, The Nun's Story ya mwaka 1959, ambayo sehemu yake ilipigwa Stanleyville, Kisangani ya leo, iliteuliwa mara nane. Ardhi yetu, nyuso zetu na huzuni yetu vimekaa katika ukumbi ule kwa zaidi ya miaka 60, na ni jambo linaloniuma kwamba daima vimekaa kwa jina la mwingine.

Sababu ni utaratibu, na utaratibu huo unaweza kufundishwa na kufuatwa. Katika kundi la filamu ya kimataifa, kila nchi hupeleka filamu moja tu, na inayopeleka ni kamati ya nchi iliyokubaliwa na Akademia. Zaidi ya nusu ya maneno yanayosemwa lazima yawe ya lugha isiyo Kiingereza. Sharti hilo ndilo lililoiondoa Lionheart ya Nigeria mwaka 2019, lakini kwetu sisi wa Kiswahili, Lingala, Tshiluba, Kikongo na Kifaransa halina tishio lolote. Filamu lazima ioneshwe katika sinema ya kulipia kwa siku saba mfululizo. Siku saba hizo si jambo dogo: mwaka 2018 mahakama ya Kenya ilisimamisha kwa siku saba marufuku iliyowekewa filamu Rafiki, ili tu iweze kufikiriwa, na hata baada ya hapo kamati ya Kenya ilichagua kupeleka Supa Modo. Tena uamuzi wa kisanaa lazima uwe umeshikwa kwa sehemu kubwa na raia au wakaaji wa nchi inayoipeleka. Ndiyo maana bendera hufuata fedha na watayarishaji, wala haifuati mahali kamera iliposimama. Algeria ilishinda kwa filamu Z, ya Costa-Gavras, mzaliwa wa Ugiriki. Côte d'Ivoire ilishinda mwaka 1977 kwa filamu ya Jean-Jacques Annaud, Mfaransa. Afrika Kusini ilipokuja kushinda mwaka 2006 kwa Tsotsi, mwongozaji alikuwa mwana wa nchi ile, Gavin Hood.

Mfano wa karibu kabisa nasi ni wa Baloji, mwanamuziki na mwongozaji aliyezaliwa katika mji huu wa Lubumbashi mwaka 1978. Jina lake watu wa hapa hulisikia kama neno la uchawi, na filamu yake ya kwanza ndefu, Augure, inawahusu watu waliopachikwa jina hilohilo. Aliipiga Kinshasa na hapa Lubumbashi, ikapata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2023, kisha ikapelekwa Oscar na Ubelgiji. Haikuingia katika orodha ya mchujo ya filamu 15. Najua kwamba mwaka ule wewe uliiandika katika karatasi yako, na sikulaumu hata kidogo. Tatizo lilikuwa ushindani wa kundi lile, ambamo filamu zenye wasambazaji wakubwa wa Marekani zilikuwa zimekwisha kuwafikia wapiga kura miezi mingi kabla.

Basi nakushauri uihamishe filamu yako ya Kongo, uitoe katika kundi la kimataifa uiweke katika kundi la filamu ndefu ya hali halisi. Huko filamu haihitaji kupelekwa na nchi. Huingia kwa kuoneshwa katika sinema kwa masharti ya Akademia, au kwa kushinda tuzo katika mojawapo ya matamasha yaliyo katika orodha yao. Wanaochuja na kuteua ni watengenezaji wa filamu za hali halisi wenyewe, na tawi lao katika miaka ya karibuni limejaa watu wa nje ya Marekani. Matokeo yake yanaonekana wazi. Mwaka 2024 filamu tano zilizoteuliwa zilitoka Ukraine, Tunisia, Uganda, Chile na India. Mwaka 2025 zilihusu Palestina, Ukraine, Kongo, Japani na watoto wa wenyeji wa asili wa Kanada. Kwa miaka hiyo miwili, filamu kumi, hakuna hata moja ambayo kisa chake kikuu ni cha ardhi ya Marekani. Mtabiri asiyeliona jambo hilo anapoteza pointi bure, na nadhani mwenzako amekwisha kuliona.

Ile ya Kongo ya mwaka 2025 ni Soundtrack to a Coup d'Etat, ya Mbelgiji Johan Grimonprez, inayofuatilia njama zilizomwangusha Patrice Lumumba na muziki wa jazi uliopigwa pembeni mwa njama hizo. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, nje ya mji wetu, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Uteuzi wa mwaka ule ulikuwa umepangwa kutangazwa tarehe 17 Januari 2025, siku ileile ya kifo chake, na ni moto mkubwa wa Los Angeles uliosababisha tangazo lisogezwe hadi tarehe 23. Nilipoliona jina lile katika orodha nilisimama kitini, nami si mtu wa kusimama kwa sababu ya tuzo. Siku chache baadaye vita vikaingia Goma, na hapo nikakumbuka filamu nyingine ya kwetu, Virunga, ya Mwingereza Orlando von Einsiedel, iliyoteuliwa katika kundi hilohilo mwaka 2015. Filamu ile inawaonesha walinzi wa hifadhi iliyo jirani na Goma wakiwalinda sokwe huku waasi wa M23 wakiusogelea mji, mwaka 2012. Zote mbili hazikushinda: Virunga ilishindwa na Citizenfour, na ile ya Lumumba ikashindwa na No Other Land. Lakini zote mbili ziliteuliwa, na ukizichunguza utaona kwamba zilikuwa na msambazaji Marekani. Virunga ilichukuliwa na Netflix, na miongoni mwa watayarishaji wake wakuu alikuwamo Leonardo DiCaprio. Kwa hiyo unapoichagua filamu ya Kongo, usiulize kwanza ni nzuri kiasi gani. Uliza ni nani anayeisambaza Marekani, kwa sababu huyo ndiye anayeifikisha machoni pa wale mia kadhaa wa tawi.

Utaniambia kwamba waongozaji hao wawili ni wageni, na utakuwa na haki. Hata hivyo, itazame Uganda. Ile filamu yao ya mwaka 2024, inayomhusu Bobi Wine, iliongozwa na watu wawili, na mmoja wao ni Moses Bwayo, Mganda. Jirani yetu amekwisha kupita katika mlango huu. Kwetu yupo Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, ambaye mwaka 2017 Maman Colonelle yake, inayomfuata afisa wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cinéma du Réel huko Paris. Filamu yake kuhusu majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani, vilivyopiganwa na majeshi ya Rwanda na Uganda mwaka 2000, wanaoshuka mto kwa mashua kwenda Kinshasa kudai fidia, ilichaguliwa na Cannes mwaka 2020, mwaka ambao ugonjwa wa korona ulizuia tamasha lenyewe lisifanyike. Huyu anajua kukaa na watu mpaka kamera isahauliwe, na tawi la hali halisi huthamini kazi ya namna hiyo kuliko kitu kingine chochote. Nyuma yake wapo vijana wa Goma waliofunzwa katika kituo cha utamaduni cha Yolé!Africa, na wa hapa kwetu waliokulia katika kazi za kituo cha sanaa kiitwacho Picha. Utabiri wangu, ambao nauandika bila kusita, ni kwamba Mkongo wa kwanza kuteuliwa akiwa mwongozaji atateuliwa kwa filamu ya hali halisi, na kwamba itakuwa filamu iliyoanza kwa tuzo ya tamasha la Ulaya kabla ya kupata msambazaji wa Marekani. Kundi la filamu fupi naliweka nafasi ya pili, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kufika huko: Watu Wote, filamu ya wanafunzi wa Ujerumani kuhusu basi lililoshambuliwa Mandera, iliteuliwa mwaka 2018. Kundi la kimataifa naliweka mwisho, mpaka siku filamu zetu zitakapokuwa na watayarishaji wa hapa wenye uwezo wa kushika bendera wenyewe.

Jambo moja la kutenda. Orodha za mchujo za filamu 15, katika hali halisi na katika kimataifa, hutoka mwezi wa Desemba, na ninyi mnakutana Januari. Usiandike kamwe jina ambalo halimo katika orodha hizo, kwa kuwa haliwezi tena kuteuliwa; nimesoma utabiri wa watu makini walioandika majina ya namna hiyo. Na mkishamaliza uteuzi mkaanza kutabiri washindi, kumbukeni kanuni mpya iliyoanza na sherehe ya mwaka 2026, inayomtaka mwanachama awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kundi kabla ya kulipigia kura. Kwa maoni yangu kanuni hiyo itazisaidia filamu ndogo ambazo zamani zilishindwa kwa sababu tu hazikufunguliwa. Safari hii, katika kundi la hali halisi, weka nafasi moja wazi katika karatasi yako mpaka orodha ya Desemba itoke, na ukiliona humo jina la filamu ya Kongo lenye msambazaji wa Marekani mbele yake, liandike la kwanza.